Mhesabu Mikwaju wa Mwaya

Nsajigwa hakuwahi kupiga mpira wa gofu hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuwahesabia waliopiga, na kwa misimu mitatu hakuna aliyebishana naye.

Uwanja wenyewe ulikuwa Mwaya, bandari ndogo iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nyuma ya nyumba ya forodha ya Wadachi, yaani Wajerumani. Yalikuwa malisho ya kawaida. Ng'ombe walikuwa wameyala majani hadi yakawa mafupi kama nywele za mtu aliyenyolewa juzi. Bwana Gilmoa, Mskochi mnunuzi wa mpunga aliyekuwa akivuka Mto Songwe kutoka upande wa Waingereza, aliyaona malisho hayo mwaka 1908, akaomba ruhusa, akachimba mashimo sita. Kila shimo alilitia chungu kidogo cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, kilichonunuliwa sokoni Lyulilo na kutobolewa kitako ili maji yasituame. Wafinyanzi wa Lyulilo walipoambiwa kwamba vyungu vyao vimezikwa ili Mzungu atumbukize kimpira, waliuliza kama huko kwao panya wameacha kuchimba.

Mchezo ulichezwa kuanzia Juni hadi Novemba. Miezi mingine uwanja ulikuwa wa vyura.

Nsajigwa aliingia katika mchezo huo kama mbeba mfuko. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mtu mwembamba, mpole wa maneno, na goti lake la kulia lilikuwa haliinami vizuri. Goti hilo liliharibika katika njia ya kupanda Tukuyu, ambako askari walikuwa wakiwapeleka watu wa bondeni na mizigo ya serikali. Alikwenda safari tisa. Katika safari ya sita kaka yake alikaa chini kando ya njia apumzike, mzigo ukiwa bado kichwani, na hakuinuka tena. Tangu hapo Nsajigwa alipoiona kofia ya askari kwenye migomba, aliacha alichokuwa akifanya na kutafuta pa kujificha.

Mfuko wa vigongo vya kupigia mpira ulikuwa mwepesi kuliko mzigo wowote aliowahi kubeba. Basi akawa na nafasi ya kutazama, na akitazama anakumbuka. Wiki ya tatu Bwana Gilmoa alipiga shimo la pili, akasema "Tano." Nsajigwa akasema, bila kuulizwa, "Sita, Bwana. Ule wa kwanza kwenye matope hukuupata mpira, lakini uliukusudia."

Gilmoa akautoa mpira chunguni. Kisha akasema, "Nani kakufundisha kwamba mkwaju uliokosa unahesabiwa?"

"Wewe, Bwana. Juzi ulimwambia Bwana Lentz."

Bwana Lentz alikuwa Mdachi wa forodha, mtu mwenye mwili na haya nyingi usoni, aliyecheza kwa sababu jioni za Mwaya zilikuwa ndefu na hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Siku hiyohiyo wawili hao walikubaliana kwamba Nsajigwa aache mfuko, achukue hesabu.

Hakuandika. Alikata njiti za matete zenye urefu wa kidole, akazichomeka mkandani upande wa kulia. Mtu akipiga, njiti moja inahamia kushoto. Za Gilmoa nzima, za Lentz zimemenywa ganda. Shimo likiisha anazifunga kwa uzi wa mgomba, fungu la shimo la kwanza, fungu la pili, hivyo hivyo. Hata ungemwamsha usingizini, angekufungulia fungu na kukueleza kila njiti ilipigwa wapi.

Sheria alizishika moja moja. Mpira haushikwi kwa mkono mpaka ulale chunguni. Ukiingia kijitoni, unaangusha mwingine na unaongezewa njiti moja ya adhabu. Unapigwa pale ulipokaa, hata kama umekaa kwenye alama ya kwato za ng'ombe. Mwanzoni sheria hii ya mwisho ilimshangaza. Kisha akaona kwamba ndiyo iliyoufanya mchezo usiwe wa watoto.

Rafiki yake Aliko, mvuvi mwenye mdomo, alikuwa akija kuketi kwenye ukingo wa malisho ili amcheke.

"Mwenzangu, naona tena unamhesabia mtu mzima anayegombana na yai."

"Ndaga, Aliko," Nsajigwa alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Na wewe umevua ngapi leo?"

"Mimi nikikosa samaki sina mtu wa kunihesabia. Hebu nieleze, yule mnene ameshindwa au ameshinda? Alipiga mara nyingi, nimemwona, halafu wakampa mkono."

Nsajigwa akamweleza habari ya hendikapu. Alieleza kwa mfano wa kulima, maana hapakuwa na njia fupi zaidi. Watu wakialikwa kulima shamba la mwenzao, kijana mwenye nguvu hukatiwa mstari mrefu na mzee hukatiwa mfupi, ili wote wafike mwisho wakati mmoja na pombe inywewe pamoja. Hakuna anayesema mzee ameiba. Gofu nayo ni vivyo hivyo. Gilmoa amecheza tangu utotoni. Lentz amejifunzia hapa. Ukichukua michezo yao mitano ya mwisho na kuona Lentz humzidi mwenzake kwa mikwaju minane katika mashimo kumi na mawili, yaani yale sita yakizungukwa mara mbili, basi minane hiyo inaondolewa katika hesabu yake kabla ya kulinganisha.

"Kwa hiyo anayecheza vibaya anazawadiwa."

"Anapewa mstari mfupi. Akizoea jembe, mstari unarefushwa."

"Na akijifanya hajazoea?"

"Ndiyo maana nipo," Nsajigwa alisema.

Mwaka 1911 aliurefusha mstari wa Lentz, hendikapu ikashuka kutoka minane hadi mitano, kwa sababu Lentz alikuwa ameuzoea mchezo. Lentz alinung'unika siku mbili nzima. "Nikijitahidi unaninyang'anya," alisema.

"Bwana, mtu akipona haombi tena gongo la kutembelea."

Lentz hakucheka, lakini alikubali mitano.

Nsajigwa alikuwa pia na cheti cha kumkinga na mizigo, nacho kilitokana na Lentz huyohuyo. Mara mbili katika msimu wa 1910 askari walimchukua Nsajigwa kwenda na mizigo, na mara mbili mchezo ukavurugika, wachezaji wakibishana hadi magharibi kama wanawake wanaogombea mahali pa kuchotea maji. Lentz akaomba boma la Tukuyu liandike karatasi yenye muhuri: mtu huyu ni mhesabu wa mchezo wa Wazungu wa Mwaya, asichukuliwe upagazi. Ofisa wa boma aliiandika kama mzaha. Alipoikabidhi alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Cheti hiki ni cha macho yako. Siku macho yako yakikosa, utarudi kwenye mizigo."

Nsajigwa alikifunga cheti kwenye kipande cha ngozi akakivaa shingoni. Askari walikuja tena, wakakisoma, wakapita, wakamchukua jirani. Hakujivunia jambo hilo. Ila usiku alilala.

Sasa habari ya shimo la tano. Shimo hilo lilipigwa kando ya matuta ya viazi ya vijana. Kwa desturi ya Wanyakyusa, wana wakikua hujenga kijiji chao mbali na kijiji cha baba zao, na sababu kubwa ni wake zao. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hakai alipo, hatamki jina lake. Baba mkwe naye hupisha. Wakikutana njiani ghafla, mwanamke hujiinamisha na kujifunika, na mzee hugeuza uso hadi apite. Anayevunja mwiko huo hatiwi kifungoni, lakini watu husema mtoto wa nyumba hiyo akiugua, sababu inajulikana.

Asajile, mwana wa Nsajigwa, alikuwa ameoa msichana aitwaye Tusekile, na matuta yale yalikuwa ya msichana huyo. Hapakuwa na shida. Kila mara kabla ya siku ya mchezo Nsajigwa alimwambia mkewe, Neli, na Neli alimpelekea mkamwana habari: kesho usiende kwenye viazi. Kwa misimu mitatu Tusekile na mkwewe hawakuwahi kuonana pale.

Agosti ya mwaka 1911 ofisa wa boma aliandika kwamba anakuja kutazama mchezo, na kwamba atatoa kikombe cha bati. Alitaka uchezwe kwa jumla ya mikwaju, si kwa shimo moja moja kama ilivyokuwa kawaida ya Mwaya. Tofauti si ndogo. Katika mchezo wa shimo kwa shimo, ukiharibu shimo moja umepoteza shimo hilo tu, kama mieleka: umeanguka, unainuka, mnashikana upya. Katika mchezo wa jumla, kila mkwaju unaubeba hadi mwisho. Nsajigwa aliyejua mizigo hakuupenda mtindo huo, lakini hakuulizwa.

Mchezo ulipangwa Jumamosi. Ofisa akafika Ijumaa asubuhi na akataka uchezwe siku hiyohiyo, maana Jumamosi alikuwa na shauri la kusikiliza Ipinda. Nsajigwa aliitwa akiwa anaezeka zizi. Neli alikuwa amekwenda kwao tangu jana. Nsajigwa alikumbuka matuta ya viazi alipokuwa tayari kwenye shimo la kwanza, njiti mkandani, ofisa ameketi kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli.

Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Matuta yalikuwa matupu. Raundi ya pili walipofika shimo la tano, Gilmoa alipiga mpira wake ukaenda katikati. Lentz alipiga wake ukapinda kulia, ukaruka kijito, ukaingia kwenye viazi. Gilmoa akaenda upande wake, nyuma ya migomba. Ofisa alikuwa mbali, kwenye shimo la sita, akiwasubiri. Lentz akashika njia ya matuta, na Nsajigwa, kama kawaida, akamfuata hatua kumi nyuma.

Mwanamke alikuwa ameinama akichimba. Aliinua kichwa kwa sababu ya kishindo cha buti. Nsajigwa aliona bega, akaona jembe, akamtambua. Tusekile alijitupa chini nyuma ya tuta na kuvuta nguo hadi usoni. Na Nsajigwa, bila kuamua lolote, akageuka. Akatazama ziwa. Kulikuwa na mitumbwi miwili, na milima ya Matema ng'ambo ikiwa na wingu. Aliyatazama hayo kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kitu.

Nyuma yake alisikia kitu kikikata udongo. Kisha tusi la Kidachi, kwa sauti ya chini. Kisha sauti ya kigongo na mpira, anayoijua. Mpira ukampita ukaanguka kwenye majani.

Lentz alitokea akijipangusa suruali. "Moja," alisema.

Nsajigwa akahamisha njiti moja. Vidole vyake vilishika ya pili, vikaiacha.

Mwisho wa shimo la sita ofisa aliwaita mezani. "Hesabu."

Nsajigwa alifungua mafungu, moja baada ya jingine. Gilmoa hamsini na minane. Lentz sitini na miwili. Ukiondoa mitano ya hendikapu, hamsini na saba. Kikombe ni cha Lentz kwa mkwaju mmoja.

Wakapeana mikono. Ofisa alikuwa anainua kikombe aliposikia mhesabu akisema, "Bwana, kuna njiti moja sijaiona."

"Ipi?"

"Shimo la tano, raundi ya pili. Bwana Lentz alikuwa kwenye viazi. Nimehamisha moja kwa sababu aliniambia moja. Nilisikia mbili. Macho yangu hayakuwepo."

Lentz uso ulimwiva. "Ule wa kwanza haukuugusa mpira. Niligonga udongo."

"Uliukusudia, Bwana?"

Gilmoa, ambaye ndiye aliyekuwa na faida, alianza kusafisha kiko chake kwa kijiti, akionekana hana haraka. Ungekuwa ni mchezo wa shimo kwa shimo, pasingekuwa na neno lolote: Gilmoa alilipata shimo hilo kwa mikwaju minne, na Lentz alikuwa amelipoteza iwe kwa sita au saba. Lakini huu ulikuwa mchezo wa jumla, na njiti moja ilikuwa imebebwa hadi mezani.

Ofisa hakumwangalia Lentz. Alimwangalia Nsajigwa. "Ulikuwa wapi?"

"Pale pale, hatua kumi."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, Bwana."

"Basi?"

Nsajigwa akaeleza. Alisema kwa maneno machache: mke wa mwanangu alikuwa shambani. Ofisa akataka aelezwe tena. Alipoelewa alicheka, kicheko kirefu kisicho na ubaya, akawageukia wenzake akasema jambo kwa Kidachi. Kisha akasema, "Huyo mwanamke alikuwepo. Aitwe, aseme alichoona."

"Akija, mimi niondoke."

"Wewe ndiye mhesabu."

"Akiniona hapa hatasema kitu, Bwana. Hata akipigwa."

Ikabidi iwe hivyo. Nsajigwa akaenda nyuma ya ghala la mpunga, akakaa juu ya gogo, goti limenyooka. Aliko, ambaye kwa kutazama kwake kote alikuwa amejifunza Kiswahili cha Wazungu hao, akapewa kazi ya kutafsiri. Nsajigwa hakusikia lolote isipokuwa njiwa. Baadaye Aliko alimfuata.

"Mkamwana wako ana macho," alisema. "Nguo ilikuwa usoni lakini ina tundu. Kasema yule mnene alipiga tuta likaruka, akatukana, akapiga tena. Wakamuuliza, kweli? Akawajibu, tuta ni langu, nendeni mkaone."

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda. Kuna shimo unaweza kupanda mgomba. Bwana Lentz kakubali. Wamekuwa sawa, hamsini na minane kila mtu. Kikombe kinarudi Tukuyu." Akampa mkono kumwinua. "Ofisa anakuita. Mkamwana ameshaondoka."

Ofisa alikuwa amesimama tayari kuondoka. Hakuwa na hasira. "Umesema kweli," alisema, "na ungenyamaza tusingejua. Kwa hilo sikulaumu. Nakuuliza moja tu. Kesho mpira ukiingia tena shamba lile, na mwanamke yule yupo, utatazama?"

Kila mtu pale alijua jibu linalotakiwa. Lilikuwa neno moja, na kesho ya kumpima isingefika. Nsajigwa alikishika kile kifurushi cha ngozi shingoni kana kwamba kinamwasha.

"Hapana, Bwana."

"Hata kwa cheti?"

"Nitageuka kabla sijakumbuka cheti."

Ofisa akanyoosha mkono. Nsajigwa akafungua ngozi, akatoa karatasi, akaikabidhi. Lentz alikuwa akitazama buti zake.

Jumatano askari walikuja. Nsajigwa alibeba mfuko wa chumvi hadi Tukuyu, akarudi siku ya nne akitembelea fimbo. Neli alimkanda goti kwa maji ya moto na majani.

"Baba Asajile, ungesema utatazama. Nani angekuja kukukagua shambani?"

"Mama Asajile, mimi ndiye ninayekagua."

"Haya. Kagua na goti hilo."

Septemba akaenda safari ya pili. Oktoba safari ya tatu, na safari hiyo aliteremka kilima akiwa amekaa, akijivuta kwa mikono, wenzake wakigawana mzigo wake.

Huko Mwaya hesabu alipewa Aliko. Aliko alihesabu kama anavyosimulia habari za samaki. Gilmoa alipata mikwaju arobaini siku ambayo mwenyewe alijua ni hamsini na zaidi. Lentz, kwa hasira ya kuhesabiwa na mtu anayecheka, alivunja kigongo. Hendikapu hazikueleweka tena. Mwisho wa Oktoba wachezaji hao wawili hawakuwa wanasalimiana, na katika bandari yenye Wazungu wawili hilo si jambo dogo.

Lentz ndiye aliyepanda Tukuyu. Hakuna aliyemwomba. Alichomwambia ofisa hakikujulikana, ila alirudi na karatasi mpya, akaipeleka mwenyewe hadi kwenye ua wa Nsajigwa, akasimama nje ya migomba kama mtu aliyeelezwa adabu za mahali.

"Ugonile," alisalimu kwa Kinyakyusa, vibaya.

"Ndaga, Bwana. Karibu."

Lentz akasoma kwa sauti. Karatasi ilisema Nsajigwa wa Mwaya asichukuliwe upagazi, kwa kuwa ni mhesabu wa mchezo katika mashimo yote, isipokuwa shimo la tano.

"Na la tano anahesabu nani?" Nsajigwa akauliza.

"Kila mtu anahesabu mikwaju yake mwenyewe. Anakuambia, unahamisha njiti."

Nsajigwa alifikiri. "Nitahamisha. Lakini nitazifunga kando, kwa uzi mwekundu. Watu wajue hizo nimeambiwa."

Lentz akasema sawa.

Msimu wa 1912 ulipoanza, Nsajigwa alichechemea nyuma ya wachezaji, na walipofika kwenye kona ya matuta alisimama akatazama ziwa, mwanamke awepo asiwepo. Aliko, aliyerudi kwenye ukingo wake, ndiye wa kwanza kuona kwamba shimo la tano, lililokuwa gumu kuliko yote, sasa lilipigwa kwa mikwaju minne na kila mtu, karibu kila mara.

"Udongo umelainika," alisema.

"Sijui," Nsajigwa alijibu. "Sijaona." Akafunga fungu kwa uzi mwekundu, akaenda kwenye la sita.